Sufuria Isiyooshwa

Sufuria yangu ya vitumbua siioshi. Rojo la jana nabakiza kidogo chini, namimina jipya juu, na chachu ya marehemu bibi yangu inaendelea kuzaana yenyewe. Siku hizi hilo ni kosa. Hakuna seli inayoruhusiwa kugawanyika bila kibali, na hamira ya dukani ni tasa: inaumua unga mara moja, inakufa.

Leo asubuhi mkaguzi alikuja, kidole amekifunga kitambaa.

“Bi Mize, mwaga hiyo.”

“Umejikata?”

“Tangu Ramadhani. Kibali cha ngozi bado hakijatoka.”

“Yaani unasubiri ruhusa ndiyo upone?”

Akatazama chini. “Mwaga, Bi Mize.”

Nikamwaga. Nikaisugua kwa sabuni mbele yake mpaka ikang'aa. Akaridhika, akaaga.

Mlangoni akasimama, akanusa. Mtaa mzima ulikuwa unanukia vitumbua, kwa sababu alfajiri nilimpelekea kila jirani upawa mmoja wa rojo langu.

“Zunguka ukazioshe sufuria zao zote, mwanangu,” nikamwambia. “Ila hicho kidonda kisiingie sabuni. Chako hakina ruhusa ya kupona.”