Mkono wa Mzee Tokunaga

"Umeisafisha bunduki au umeikaanga?" Mzee Tokunaga aliuliza, akiweka chini sahani yake ya wali na kari.

Mafuta yalikuwa yanamtiririka Ryohei mpaka kwenye kiwiko. Aliambiwa tone moja. Alipoibonyeza, chupa ikakohoa, na sasa bunduki yake ya kuchezea ilikuwa inateleza mezani kama samaki. Wachezaji waliokuwa wakila chini ya turubai waligeuka kutazama, wengine vijiko vikiwa mdomoni.

"Samahani, baba mkwe."

"Mkwe wa nani? Umeshanipiga?"

Watu wakaangua kicheko. Uwanja mzima, pale msituni Chiba, nchini Japani, ulikuwa na habari. Ryohei alikuwa amekwenda kumposa Chinatsu, na mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alisema: njoo Jumapili tucheze. Ukinipiga risasi moja, mchukue binti yangu. Usiponipiga, kari utakayokula pale ndiyo karamu yako ya harusi. Na Ryohei maskini, silaha pekee aliyowahi kushika maishani ilikuwa kisu cha kukatia keki.

Sasa, kumpiga Mzee Tokunaga si jambo la kuamka asubuhi ukalifanya. Miaka nenda miaka rudi hakuna aliyemgusa. Na katika mchezo ule hakuna refa wa kuchungulia kila kichaka; gololi zenyewe ni za plastiki, ndogo kama njegere, juu ya koti haziachi hata alama. Ukipigwa, wewe mwenyewe unainua mkono na kupaza sauti, "Nimepigwa!", kisha unatoka. Mzee alikuwa na wazimu na sheria hiyo. Alishamfukuza kwenye timu rafiki yake wa tangu shule, kwa sababu aliguswa na gololi akajifanya hakusikia.

"Hapa tunacheza kwa mdomo," alizoea kusema. "Bunduki ni pambo tu."

Lakini pambo hilo alitaka liwe safi. "Sikiliza, kijana. Kwanza unachomoa magazini. Unafyatua kwenye mfuko, uhakikishe hamna kitu ndani. Kisha unauvisha ufito kitambaa, unauingiza mtutuni, unazungusha taratibu. Na mafuta yasifike kwenye kile kimpira cha ndani! Kimpira hicho ndicho kinaifanya gololi inyooke. Kikilowa, unanilenga mimi unampiga mpishi."

"Mpishi mniache!" sauti ikatoka kwenye masufuria.

Ryohei akachukua kitambaa kingine, cha njano.

"Hicho nakijua," alisema mzee.

"Pajama yangu ya zamani, baba," alijibu Chinatsu, aliyekaa kando yao. "Nimeikatakata."

"Nilikununulia mimi. Ulikuwa ndiyo unaanza sekondari." Mzee akakitazama kitambaa kidogo, halafu akarudi kwenye kari yake. "Haya, sugua."

Filimbi ya kuanza mchezo ililia akiwa bado anasugua. Ryohei akachomoa ufito, akapachika magazini, akavaa miwani ya kinga juu chini, akatoka mbio. Chinatsu alicheka mpaka akakaa chini.

Kule kwenye mierezi, Ryohei alitambaa huku akiomba kitu kimoja tu: kile kimpira kiwe kikavu. Alikuwa na hofu, alikuwa na furaha, alikuwa na tope puani. Alimpenda Chinatsu kupita kiasi, na sasa mapenzi yote yale yalikuwa yananing'inia kwenye kimpira.

Hakupata hata nafasi ya kulenga. Aliteleza kwenye majani mabichi, akashuka mteremko kwa makalio, na kutua mbele ya Mzee Tokunaga, uso kwa uso. Mtutu wa mzee ulikuwa umeshamwelekea kitambo. Ryohei akafumba macho, akafyatua.

Pu.

Kamlio kadogo, kama mtu katema mbegu ya chungwa. Mafuta hayo, aliwaza. Kwisha habari yangu.

Alipofumbua macho, mzee alikuwa anaitazama ile bunduki iliyolowa. Kisha akamtazama yeye, tope mpaka masikioni, miwani juu chini. Polepole, mkono wa mzee ukapanda juu.

"Nimepigwa!"

Msitu ulilipuka kwa shangwe. Watu walitoka vichakani, wa timu hii na ile, wakikumbatiana hovyo. Mpishi naye alifika na mwiko wake. Chinatsu alimrukia Ryohei shingoni, wakaanguka wote.

"Umepigwa wapi, baba?" Chinatsu aliuliza.

"Hapa." Mzee akajigusa kifuani. "Na inauma kwelikweli. Wewe, inuka, unamchafua mkeo."

"Asante, mzee!"

"Mzee nani? Niite baba."

Njiani Ryohei hakufunga mdomo. Walipoingia dukani kununua vitonge vya wali, alimwambia muuzaji, macho yakimetameta, "Nimempiga baba mkwe!" Muuzaji akarudi nyuma hatua moja.

Jioni, akiwa kwake, alikaa sakafuni kuisafisha bunduki kama alivyofundishwa. Sasa alikuwa mtu wa familia, hakutaka aibu. Akachomoa magazini. Akauvisha ufito kitambaa, akauingiza mtutuni, ukagota mapema tu. Akajaribu tena, ukagota pale pale. Akachukua kibano cha nyusi alichokisahau Chinatsu, akachokonoa, akavuta, wimbo ukiwa bado mdomoni.

Kilitoka kipande cha pajama ya njano, chapachapa kwa mafuta. Nyuma yake ikabingirika gololi moja, ile pekee aliyofyatua tangu saa ya kari.