Nilichomtuza Bi Saumu

Katika ukumbi wetu wa maigizo hapa Tanga waigizaji hawatuzwi tena kwa noti. Mtazamaji hupanda jukwaani, humwekea mwigizaji kiganja kwenye paji la uso, na kumbukumbu yake moja humtoka kabisa ikamwingia mwigizaji. Hivyo ndivyo waigizaji wanavyopata cha kuigiza, nasi tunapata cha kutazama.

Jirani yangu alitoa kumbukumbu ya harufu ya mikate ya utotoni, akapigiwa vigelegele. Mimi ni mtunga mashairi, sikukubali kuzidiwa. Nilipanda nikamtuza mwigizaji Bi Saumu siku ile Mwanaidi, mke wangu, aliponikubali.

Juzi nilimpeleka Mwanaidi kutazama mchezo. Bi Saumu alisema maneno machache kwa sauti ya chini, ukumbi mzima ukalia. Mke wangu hakulia.

"Hayo ni maneno yangu," aliniambia.

"Maneno gani?"

"Usijifanye huyajui, Shekue. Nilikwambia wewe peke yako, uani kwa shangazi."

"Nakumbuka."

"Nilivaa nini?"

"Kanga."

"Kanga ipi?"

Niligeuka kutazama jukwaani.

"Basi kamuulize Bi Saumu," alisema. "Yeye anajua."

Kule jukwaani Bi Saumu alikuwa akimtazama mke wangu, na mimi ndiye niliyeinamisha macho.