Nakala ya Ijumaa

Kila Ijumaa Bi Raya alitoa nakala ya kumbukumbu za kliniki, akaifungua kwenye kompyuta kuukuu kuona kama inasomeka. Msellem, mwenzake, alizoea kumtania: "Dada, unamfufua asiyekufa!"

Jumamosi moja Msellem akafuta kwa bahati mbaya kumbukumbu zote za wajawazito. Nje, kina mama walijaa mabenchini. Akamwita Bi Raya.

Bi Raya hakumgombeza. Alimvutia kiti, akamkabidhi ile nakala. "Rudisha mwenyewe, mdogo wangu. Jana niliifungua, ikafunguka."

Wakangoja. Jina moja likatokea, kisha la pili, kisha yakamiminika kama mtama.

"Nani anafuata?" nesi aliuliza mlangoni.

Msellem akalisoma jina kwa sauti, taratibu. Benchini mama mmoja akainuka, mkono kiunoni, akitabasamu.