Neno la Siri la Babu

Mtu mzima akisahau neno la siri la diski yake ya kumbukumbu, diski husagwa, naye huhesabiwa mtoto na kupelekwa katika nyumba ya walezi. Hakuna asiyeijua sheria hiyo.

Mke wangu Damari aliulizwa neno lake mara tatu na ofisa wa ukaguzi wa kila mwaka, pale sebuleni kwetu. Akatabasamu, akamkaribisha ofisa chai.

"Bibi amesahau," akasema ofisa Shempemba. "Afungiwe nguo zake. Babu, wewe utabaki. Mtu mzima haruhusiwi kumfuata. Sasa taja lako."

"Nimesahau."

"Babu! Mwaka jana ulilitaja hata sijakaa!"

"Mwaka jana mke wangu alikuwa mtu mzima."

"Diski yako ina sauti ya marehemu mwanao. Nikiisaga, hairudi."

"Saga. Au mashine yako nayo imesahau kazi?"

Akazisaga zote mbili, ya Damari kwanza. Unga wa chuma ukamwagikia kitambaa cha meza alichokifuma Damari mwenyewe. Nikafunga sanduku moja lenye nguo zetu sote, nikamshika mkono.

Mlangoni Damari akaniuliza kwa adabu, "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Ni mwenzako," nikamjibu. "Twende."