Mkono wa Ganzi

Kisiwa kizima cha Juani hakuna aliyesuka ukili wa mkeka kumshinda Mwanahija. Hayo aliyasema Mwanahija mwenyewe, na majirani, kwa kuchoka kubishana naye, wakakubali.

Ndipo mkono wake wa kulia ukafa ganzi, mkeka wa harusi ya mjukuu wake Nusra ukiwa nusu.

"Nenda zahanati," alisema mumewe, Shaabani, uso ukutani.

"Wakanipe panadol? Mkono wenyewe hausikii hata moto. Mkeka usipokwisha, bwana, Nusra ataolewa juu ya turubai."

Shaabani akajifunika shuka. Tangu walipomzika mwana wao Marijani, baba yake Nusra, hakulia wala hakulitaja jina lile. Alilala akiutazama ukuta. Chai ikija, alikunywa, isipokuja, hakuuliza.

Lakini mchana mmoja, mkewe alipochoka kusuka kwa mkono wa ganzi akalala, macho yake yaliuangukia ule ukili. Umepinda kama njia ya mlevi. Utotoni mama yake alimfundisha kusuka, siri ambayo wanaume wa barazani wangeichekea mpaka Idi. Akafunga mlango. Akafumua palipoharibika, akasuka upya, akaurudisha ulipokuwa.

Mwanahija alipoamka akaugeuzageuza. "Ona! Mkono umekufa, mazoea hayajafa."

Ikawa ndiyo desturi. Asubuhi Mwanahija alikosea, kila siku pale mwishoni, panapofumuka kwa urahisi. Adhuhuri aliloweka miyaa mingine ya kusukia, akaenda kulala, akikoroma kabla ubavu haujagusa godoro. Shaabani akashika kazi. Moyoni hakusikia kitu bado, ila vidole vilikuwa na shughuli, na siku moja akashangaa kuona ana njaa.

Mkeka ulipokwisha, Nusra akaja kuutazama.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, babu." Akaupapasa mkeka. "Huu ndio ustadi hasa! Hivi neno hilo limetoka wapi, bibi?"

"Uarabuni. Ni la ustadhi wa chuoni, mwenye elimu yake. Lilipofika kwetu likavua kanzu, likakaa chini na wanawake."

"Na maana yake?"

"Kazi ambayo huuoni mkono ulioifanya."

Shaabani, aliyekuwa akimimina kahawa, alishtuka. Birika likayumba, kahawa ya moto ikammwagikia mkewe mkono wa kulia.

"Uwii! Waniunguza, mwanamume wewe!" Mwanahija aliruka, akipuliza vidole.

Shaabani akaliweka birika chini taratibu.

"Mkono upi huo ulioungua, mama Marijani?"

Mwanahija akautazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani.