Mguu wa Eliya

Mzee Antipasi alijilaza chali katikati ya lami, akaunyoosha mwili kama maiti, akajifunika uso kwa kofia.

Mgongo ulimlalamikia. Miaka yote, katika kila msiba wa watani wake Wanyiramba, alikuwa akilala hivyo mpaka gari lenye jeneza lisimame na wafiwa washuke kumwomba njia. Siku hizi lami ilikuwa ngumu kuliko zamani, na wenzake wa kulala nao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Alikuwa amechoka. Lakini desturi haimwulizi mtu kama amechoka.

"Kaka, inuka," alisema Manase, mdogo wake, kutoka ukingoni mwa barabara. "Magari ya siku hizi hayana utani."

"Gari halijawahi kuwa na utani. Dereva ndiye mtani wangu."

Gari walilolingoja lilikuwa likimleta Bibi Anastazia kutoka hospitali ya Dar es Salaam, azikwe kwao karibu na Kiomboi. Liliendeshwa na Eliya, mwanawe. Lucy, dada yake Eliya, alikuwa kando yake. Hao wawili ndio waliomwuguza mama yao hadi pumzi ya mwisho, kisha, bila kulala, wakashika safari usiku wa manane. Wafiwa wengine walikwisha kutangulia kwa basi.

"Angalau gari lake ni jipya," Manase alijifariji. "Lina kamera juu ya kioo. Linafuata njia lenyewe, na likiona mtu mbele, linajifunga breki."

"Hilo lisikupe moyo. Nilimpigia Eliya simu jana, nikamwagiza akizime kidude hicho. Ameniapia."

"Umemwagiza nini?"

"Mtani hulala barabarani kwa sababu anamwamini mtu, Manase. Nikisimamishiwa gari na kidude, heshima hiyo ni ya nani? Eliya atanisimamishia gari kwa mguu wake mwenyewe."

Manase alishika kichwa. "Utatuzikisha wawili kwa siku moja."

"Basi Wanyiramba wamepata nafuu. Sufuria moja ya wali, maiti wawili."

Gari likachomoza nyuma ya mawe makubwa ya kilimani, taa zikiwaka mchana. Jua la alasiri lilikuwa limelalia kioo cha mbele. Ndani hapakuonekana kitu. Desturi ilimtaka dereva apige honi ndefu kutoka mbali, kuonyesha kwamba amemwona mtani wake.

Honi haikulia.

"Hajakuona!"

"Ananitisha tu," Antipasi alijibu chini ya kofia. "Kijana anaujua utani."

Manase akakimbilia barabarani, akamshika kaka yake miguu, akavuta. Antipasi akaukaza mwili. Mngurumo ukasogea. Manase akafumba macho, lakini miguu ile hakuiachia.

Gari likapunguza mwendo bila papara, likasimama. Antipasi alipoinua kofia, bampa lilikuwa karibu kiasi cha kuliegemea.

"Umeiona breki hiyo?" alisema, akijikongoja kuinuka. "Haikutoa hata mlio. Huo ndio mguu wa mtu aliyelelewa. Kamera yako ingeweza?"

Manase alijipangusa vumbi. Alikuwa bado amekaa chini kwenye lami.

Antipasi akaligonga boneti kwa kiganja. "Shukeni, Wanyiramba! Mama yenu amenichokoza maisha yake yote. Leo hapiti bila mbuzi!"

Hakuna mlango uliofunguka. Injini ilinguruma polepole.

"Eti sasa wao ndio wanaojifanya maiti!" Alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo ni kazi yangu, Eliya!"

Akazunguka upande wa dereva, akaegemeza kiwiko kwenye dirisha lililokuwa limeshushwa, akaingiza kichwa ili amtanie uso kwa uso.

Mikono ya Eliya ilikuwa juu ya usukani na kidevu chake kifuani, alikuwa akikoroma. Lucy alikuwa amelalia mkanda wake, mdomo wazi. Nyuma yao, ndani ya jeneza lililofunikwa kitambaa cheupe, alilala mama yao. Katika gari zima, jicho lililokuwa wazi lilikuwa moja tu: lile la kamera, juu ya kioo.