Redio ya Jilala Duarani

Kitu cha kwanza Jilala alichokitafuta gizani, baada ya kuhakikisha kwamba miguu yake yote miwili ipo, kilikuwa redio.

Aliipata chini ya ubao. Akapuliza vumbi, akazungusha kitufe, na mtangazaji akaendelea na bei ya pamba kana kwamba hakuna kilichotokea. Jilala akacheka kwa furaha. Juu yake futi arobaini za udongo zilikuwa zimeporomoka na kuziba duara lao, shimo la kuchimbia dhahabu, na yeye anacheka.

"Baba Eufrasia! Imepona!"

"Na mimi nimepona, asante kwa kuuliza," akajibu Marselino, mwenzake wa kuchimba, mtu mzima wa Ushirombo. Alikuwa amelala pembeni, mguu mmoja umebanwa na gogo.

Mwaka ule wa 1979, katika machimbo yale ya Geita, hakuna aliyeipenda redio kama Jilala. Aliuza ndama wawili, akaenda Shinyanga kwenye duka la Liaquat, akarudi na redio ya bendi tatu yenye mkanda wa ngozi, na kwa mwezi mzima akawa hana habari nyingine. Bendi fupi inashika mpaka Ulaya! Betri sita, si nne! Wengine walishuka duarani na taa na maji. Yeye alishuka na redio. Ili ishike vizuri kule chini, aliteremsha waya wa shaba kutoka juu kupitia ufa wa mwamba. Limi, mkewe, alilalamika kwamba ameletewa mke mwenza asiyenyamaza.

Sasa ufa ule ndio uliowaingizia hewa, kidogo tu, na waya ule ndio uliowaletea dunia. Kwingine kote palikuwa kifusi.

"Tupige kelele," Marselino akasema.

Wakapiga kelele. Jilala akaongeza sauti ya redio na kuisogeza ufani, ili watu wa juu wapate pa kulenga. Walisikia vishindo vya miguu. Walimsikia Donatus, mwenye duara, akiwaita kwa majina, nao wakaitikia mpaka wakakohoa. Halafu kukawa kimya.

"Wamekwenda kuleta vifaa," Jilala akasema.

Siku walizihesabu kwa taarifa za habari. Jumatatu ikaisha, Jumanne ikaisha. Walilamba maji yaliyochuruzika kwenye mwamba. Marselino alishikwa na homa, na mguu wake ukaanza kunuka. Jilala aliogopa, hofu ya kutaka kulia kama mtoto, maana Limi alikuwa na mimba ya miezi minane na alikuwa amemwahidi kwamba safari hii mtoto atazaliwa baba yupo. Kila hofu ilipompanda alizichomoa betri, akazipasha joto kwapani, akazirudisha. Angalau ilikuwa kazi.

"Hiyo takataka yako inasema kutuzidi," Marselino akanung'unika. "Izime, tuite wenyewe."

"Makoo yetu yamekauka. Hii haichoki."

Jumatano mchana machepe yakaanza.

Jilala alimshika mwenzake begani, akamtikisa. Hapakuwa na shaka, yalikuwa machepe, tena mengi, yakienda kwa mpigo mmoja.

"Unasikia? Wanakuja!"

Marselino alisikiliza kwa muda mrefu. "Sisikii sururu," akasema.

"Udongo umelegea, sururu ya nini?"

Vumbi liliwamwagikia kichwani na vidonge vya udongo vikawagonga mabegani. Jilala hakujali. Alikuwa akipanga jinsi watakavyomtoa mgonjwa kwanza, kisha yeye, kisha redio, akiwa ameikumbatia ili isigonge mwamba. Juu watu walikuwa wengi. Hata sauti za wanawake zilisikika, na baada ya muda wote wakaanza kuimba.

"Huo wimbo wa misheni," Marselino akasema.

"Watu wakifanya kazi pamoja huimba. Pumzika, Baba Eufrasia, tunza pumzi."

Marselino akapumzika. Mkono wake ulikuwa wa moto, na Jilala akaendelea kuushika.

Saa nane na nusu redio ikaanza kukwaruza. Betri zilikuwa zinakata roho, na kwapa halikusaidia tena. Jilala akaona bora zimalizike kwa jambo la maana. Akazungusha kitufe mpaka mwisho, akaibana redio kwenye mdomo wa ufa, kisha yeye na Marselino wakaita kwa nguvu zote zilizobaki. Hayakutoka maneno, ilitoka mikwaruzo, lakini ilitoka.

Machepe yakasimama. Wimbo ukakatika.

Jilala akapunguza sauti ya redio haraka, akatega sikio.

"Nasikia mtu!" Ilikuwa sauti ya Limi, nyembamba, ikishuka kwenye ufa. "Jamani, mume wangu anaongea humo!"

Jilala akamkumbatia Marselino, akalia waziwazi bila aibu. Marselino naye akalia. Mzee yule aliyeitukana redio siku tatu akaipapasa kwa kiganja, akaisifu.

Kisha ikaja sauti ya Donatus, ya upole sana.

"Hapana, mama. Ni redio ya marehemu hiyo, tangu Jumatatu haijanyamaza. Baba Padri, malizia sala, nasi tumalizie kufukia."